Presha Yangu Ilikuwa Nzuri

Nilipata kiharusi nikiwa na miaka 41. Sina presha, sina sukari, sivuti sigara, na pombe niliiacha kabla sijaoa. Naanza na hayo kwa kuwa kila anayesikia habari zangu huniuliza maswali hayo hayo, kwa mpangilio huo huo, na nikishayajibu hushusha sauti na kuuliza kama kuna mtu niliyekosana naye. Hakuna. Mshipa mmoja mkubwa wa damu ulichanika kwa ndani, shingoni, upande wa kushoto. Kabla ya hapo sikujua kwamba shingo ya mtu mzima, mwenye nguvu zake, inaweza kuchanika kwa ndani na nje pasionekane hata mkwaruzo.

Mimi ni fundi cherehani, Morogoro. Nashona suti za kiume na sare za shule, na nimekuwa nikiinamia cherehani tangu nilipomaliza kidato cha nne. Kwa hiyo maumivu ya shingo nayajua. Yale ya kazi huanza mabegani, huzidi kuelekea jioni, na ukilala yanapungua. Haya mapya yalikuwa mengine kabisa. Yalianza ghafla nikiwa nimekaa nakula, yakakaa upande mmoja tu, nyuma ya shingo, yakapanda mpaka nyuma ya sikio la kushoto. Nilale, nikae, nisimame, yako pale pale. Panadol haikuyagusa. Nilimwambia mke wangu kwamba sijawahi kuumwa hivi tangu nizaliwe. Akaniuliza kama nililala vibaya. Basi, sababu ikawa imepatikana: nimelala vibaya.

Ukiumwa shingo mtaani kwetu kila mtu ni tabibu. Jirani alileta mafuta ya kuchua. Fundi mwenzangu mmoja alisema niongeze mto, mwingine akasema niuondoe kabisa. Duka la dawa walinipa diklofenaki. Kijana mmoja anayefundisha mazoezi alijitolea kuja kuninyoosha, nikamwambia asubiri kwanza, nina suti za harusi za kumaliza kabla ya Jumamosi. Suti zile nazishukuru mpaka leo.

Siku chache kabla ya maumivu hayo nilikuwa nimekwenda kunyoa. Kinyozi wangu namjua tangu akiwa na kiti kimoja chini ya mwembe. Akimaliza kunyoa hupaka spiriti, hukufuta kwa taulo la moto, kisha huweka kiganja kimoja kidevuni na kingine kisogoni, anakuambia, "Legea, fundi," na kabla hujalegea vizuri ameshazungusha. Shingo inaalika kulia, inaalika kushoto, saluni nzima inasikia. Wateja wanaupenda mlio ule, na mimi niliupenda, nikawa namwachia na hela ya soda juu. Wiki hiyo hiyo nilikuwa na mafua mazito, na usiku nilikohoa mpaka mbavu zikauma. Mambo hayo mawili nitayarudia.

Kiharusi chenyewe kilinikuta dukani asubuhi, nimeshika pasi. Sakafu iliinama. Nilishika meza, nayo nikaiona inakwenda upande. Nikatapika. Kisha ikaja kwikwi isiyokoma, na nilipotaka kumwita kijana wangu wa kazi sauti ilitoka imekauka, nusu yake ni hewa. Akaniletea maji, yakarudi puani. Wakati huo wote mikono yangu ilifanya kazi. Miguu ilifanya kazi, ila nikisimama navutwa kuelekea kushoto. Mdomo haukupinda. Walionizunguka walikuwa wanakijua kiharusi, mtaa gani hauna mzee aliyepooza? Walitazama mdomo, wakaniambia niinue mikono, wakaridhika. Mmoja akasema ni malaria imepanda kichwani. Nikapakiwa kwenye bajaji.

Hospitalini nikapimwa malaria, nikapimwa sukari, nikapimwa presha. Muuguzi akaniambia kwa furaha, "Baba, presha yako ni nzuri sana." Nikatundikiwa dripu, nikaandikiwa dawa ya kizunguzungu, kwamba shida iko kwenye sikio la ndani. Siwalaumu sana. Mtu aliyezoea kutafuta mdomo uliopinda na mkono uliolegea, asipoviona, ataandika kitu kingine. Vipimo vile vya mdomo, mkono na maneno hukamata viharusi vingi, lakini vinavyopiga sehemu ya nyuma ya ubongo huweza kuviponyoka, ndiyo maana siku hizi baadhi ya madaktari huongeza mambo mawili: kama mgonjwa ameshindwa ghafla kusimama sawasawa, na kama macho yake yana hitilafu. Kulikuwa na jambo jingine lililokosekana pale: hakuna aliyeuliza habari za shingo. Na mimi sikuitaja. Dunia inakuzunguka na matapishi yako kifuani, utamwambiaje daktari kwamba wiki iliyopita ulilala vibaya?

Aliyeitaja ni mke wangu. Usiku alikuja daktari mwingine, kijana, akaanza kuuliza upya. Mke wangu akasema, "Daktari, huyu kabla ya yote alikuwa analalamika shingo. Mpaka sasa inamuuma."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu wiki ile aliyotoka kunyoa. Kinyozi wao huwa anawazungusha shingo."

Daktari aliacha kuandika. Akavuta kiti akakaa, akanimulika macho yote mawili kwa tochi. Mboni ya jicho langu la kushoto ilikuwa ndogo kuliko ya kulia, na kope lake limeshuka. Mke wangu alikuwa ameliona kope hilo akadhani ni uchovu. Kisha akachukua kijiti cha kukandamizia ulimi, akakivunja, akawa ananigusa kwa ncha yake kali. Shavu la kulia, nikaisikia ncha. Shavu la kushoto, nasikia naguswa tu, ukali haupo. Akashuka mikononi. Hapo mambo yakageuka: mkono wa kushoto nausikia ukali, wa kulia hapana. Akarudia kwa chuma cha kile chombo chake cha kusikilizia moyo, kilichokuwa cha baridi. Matokeo yale yale, uso upande mmoja, mwili upande mwingine. Nilidhani ninaumwa kizunguzungu. Kumbe nusu ya mwili wangu ilikuwa haijui tena moto na baridi, wala sikuwa na habari.

"Baba, hiki ni kiharusi," akasema. Nikamwonyesha mikono yangu, nikiikunja na kuikunjua. Akasema kimepiga shina la ubongo, pembeni, mahali inapopita mishipa ya fahamu ya kumeza, ya sauti, ya mizani ya mwili na ya kusikia joto, na njia inayoendesha mikono haikuguswa.

Nikapigwa picha ya CT ya kichwa. Ikatoka safi. Hapo ndugu zangu wakaanza kunong'ona kwamba kijana huyu anabahatisha. Yeye akasema hakushangaa, maana picha ya kawaida ya CT katika saa za mwanzo mara nyingi haionyeshi kiharusi cha sehemu ile. Inayotakiwa ni picha ya mishipa yenyewe, ya shingo na kichwa, inayopigwa baada ya kuchomwa dawa inayong'arisha damu. Kesho yake nikasafirishwa kwa gari la wagonjwa kwenda Dar es Salaam, karibu kilomita 200, nikitapika njia nzima. Picha ikapigwa. MRI nayo ikaonyesha doa dogo kwenye shina la ubongo, mahali alipokuwa amesema.

Picha ile niliomba nionyeshwe. Shingo ina mishipa minne mikubwa inayopeleka damu kichwani: miwili mbele, ambayo unaigusa ukaisikia inapiga, na miwili nyuma, ambayo huwezi kuigusa kwa sababu inapanda ikiwa imepenyezwa kwenye matundu ya pingili za shingo, moja baada ya nyingine, kisha juu kabisa inajipinda kuzunguka pingili ya kwanza ndipo iingie kwenye fuvu. Wa kulia ulionekana mweupe, mnene, umekwenda vizuri mpaka juu. Wa kushoto ulianza vizuri, ukapungua ukawa uzi, ukapotea.

Daktari alieleza kwamba ukuta wa mshipa una tabaka tatu, na la ndani ndilo lililochanika. Hapo nilimwelewa kuliko alivyotegemea, kwa sababu ni bitana la koti. Bitana la mkono wa koti likichanika, mvaaji akiingiza mkono hupita kati ya bitana na kitambaa, na jinsi anavyosukuma ndivyo bitana linavyojikusanya na kuziba njia. Damu ilifanya vivyo hivyo: ikaingia kati ya tabaka, ukuta ukavimba kuelekea ndani, njia ikawa nyembamba. Kibaya zaidi, palipochanika damu huganda, na kipande kikibanduka kinapanda na mkondo mpaka kwenye ubongo. Kati ya kuchanika na kipande kubanduka zinaweza kupita saa chache, siku kadhaa, hata wiki kadhaa. Kwangu mimi, muda huo ndio ule ambao jirani alikuwa akinichua kwa mafuta.

Jina la hali niliyokuwa nayo ni la daktari Mjerumani, Adolf Wallenberg, wa mji wa Danzig, ambao leo ni Gdańsk, Poland. Mwaka 1895 alieleza mgonjwa mwenye dalili kama zangu, akataja ni sehemu gani ya shina la ubongo iliyopigwa na ni mshipa gani ulioziba, wakati hakuna CT wala MRI duniani. Uchunguzi wa maiti alioutangaza 1901 ukathibitisha. Nampenda mtu huyo. Alikuwa na ncha kali, baridi, na subira ya kuuliza, vitu vile vile alivyotumia kijana wa zamu ya usiku Morogoro.

Je, ni kinyozi au ni kikohozi? Nimewauliza madaktari swali hili mpaka wakachoka, na hakuna aliyekubali kuapa. Mshipa wa shingo huweza kuchanika kwa gari kufunga breki ghafla, kwa kupiga chafya, kwa kunyanyua kitu kizito, kwa kupaka rangi dari kichwa kikiwa nyuma, kwa kuzungushwa shingo. Wengine hawakumbuki jambo lolote. Maambukizi kama mafua huonekana kuongeza uwezekano, kipandauso pia, na wapo waliozaliwa na udhaifu katika nyuzi za mwili zinazoshikilia kuta za mishipa. Mwaka 1993 daktari Michael Weintraub wa Marekani aliandika katika jarida la JAMA kuhusu wanawake watano waliopata kiharusi baada ya kuoshwa nywele saluni, shingo ikiwa imelazwa nyuma kwenye ukingo wa sinki. Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa tamko 2014: uhusiano kati ya kuzungushwa shingo na kuchanika huku upo, ila haujathibitishwa kuwa ndio chanzo, kwa sababu kuna watu wanaokwenda kunyooshwa shingo tayari inauma, yaani mshipa ulishachanika. Hata hivyo kilisema mtu aambiwe hatari hiyo kabla hajazungushwa. Nayaona maneno hayo kuwa ya haki. Kinyozi wangu sijamshitaki popote. Lakini mlio ule siutaki tena.

Matibabu yalikuwa ya kawaida kuliko nilivyofikiri. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ila hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na mimi saa hizo nilizimaliza kwenye dripu ya kizunguzungu. Mshipa wa shingo kuchanika hakumnyimi mtu dawa hiyo. Muda ndio unaomnyima. Nikapewa aspirini. Kaka yangu akadai dawa yenye nguvu zaidi. Daktari akamweleza utafiti uliofanyika Uingereza na Australia, ukachapishwa 2015: wagonjwa 250 wenye mishipa ya shingo iliyochanika waligawanywa, wengine wakapewa dawa za jamii ya aspirini, wengine dawa kali za kuzuia damu kuganda. Ndani ya miezi mitatu waliopata kiharusi kingine walikuwa wanne tu kati ya wote, na tofauti ya makundi haikutosha kusema hii inaishinda ile. Kaka akanyamaza. Mjomba ndiye aliyebaki na hoja. "Wanapiga picha damu," alisema, "jini haonekani kwenye picha." Nilimwambia anisomee dua, na dua yake niliipokea, ila kwa mganga sikwenda.

Nililishwa uji kwa mpira uliopita puani mpaka koo lilipokubali kumeza tena. Kutembea nilianza kwa kushika ukuta, nikiyumba kushoto, na watoto wa mtaani walidhani nimerudia pombe. Sauti ilirudi, siyo yote. Haya nayapita haraka kwa sababu wagonjwa wengi wa kiharusi wanayo ya kwao makubwa kuliko haya.

La pasi lazima niliseme. Nilirudi dukani nikijiona nimepona. Nikawa napiga pasi kola ya koti, mkono wa kushoto umeshika pasi, wa kulia unalaza kitambaa. Kijana wangu akapiga kelele, "Bosi, mkono!" Ubavu wa pasi ulikuwa umeegemea mgongo wa mkono wangu wa kulia, ngozi imeshakuwa nyeupe, harufu nimeisikia mimi mwenyewe nikadhani ni sufu inaungua. Maumivu hakuna. Mkono ule ule unaoweza kutofautisha satini na hariri kwa kugusa tu, haujui moto. Kovu ninalo, refu kama kidole cha shahada. Tangu hapo maji ya kuoga nayapima kwa mkono wa kushoto, chai naionja kwa upande wa kulia wa mdomo, na pasi amekabidhiwa kijana moja kwa moja. Meza ya kukatia nimeipandisha ili nisiiname. Nikishona najilazimisha kusimama, jambo ambalo zamani niliona ni la mafundi wavivu.

Kinyozi alikuja nyumbani kunitazama. Nilimweleza yote, pamoja na kwamba hakuna anayeweza kuapa kuwa ni yeye. Alikaa kimya, akauliza tu kama mshipa huo uko kwa watu wote. Siku hizi anaishia kwenye taulo. Wateja wengine wamemhama kwa sababu hiyo, wamefuata mlio kwingine.

Na mimi nimekuwa mtu wa kuuliza shingo za watu. Mwendesha bodaboda mmoja hapa jirani aliniambia shingo inamuuma upande mmoja, imemwanza ghafla. Nikamsukuma mpaka akaenda hospitali kubwa. Ilikuwa misuli. Amenitania sana, na sikuona aibu. Shingo nyingi zinazouma ni misuli. Ugonjwa huu wa mshipa wa shingo kuchanika kwa mwaka hupata watu kama watatu tu katika kila laki moja. Katika viharusi vyote vinavyotokana na mshipa kuziba, unasababisha kama 2 katika 100. Lakini ukiwahesabu walio chini ya miaka 50 peke yao, sehemu hiyo hupanda sana, na zipo tafiti zilizoikuta inafikia robo. Umri wa kawaida wa kupatwa ni katikati ya arobaini. Huo ni umri wa watu wenye watoto shuleni na mkopo wa vikoba, ambao presha yao ikipimwa ni nzuri, wakaambiwa warudi nyumbani.

Mshipa wangu wa kushoto haukufunguka tena. Kwa wengi hupona ndani ya miezi michache, wangu umebaki umefungwa, na wa kulia unafanya kazi ya yote miwili. Aspirini nakunywa kila siku.

Ndugu msomaji, ukiumwa shingo au kichwa upande mmoja, maumivu mapya ambayo huyafahamu, usichuliwe wala usinyooshwe, nenda kapimwe. Na pakiongezeka kope kushuka, mboni kuwa ndogo, kuona viwili viwili, kushindwa kumeza, sauti kukauka au kuyumba, usisubiri kupambazuke. Nenda hospitali yenye CT, na neno la kwanza kumwambia daktari liwe shingo, hata kama hajakuuliza. Nawe ndugu kinyozi, tunyoe, tupake spiriti, tufute, halafu chukua hela yako. Shingo tuachie.